Ubao Mfupi wa Mawimbi ya Matema

Daktari wa mifugo alipopata uhamisho, alikuja kuniambia mwenyewe pale ninapoegesha mtumbwi, Matema. Ule ubao mrefu niliojifunzia kuteleza juu ya mawimbi angeondoka nao. Zilikuwapo mbao fupi mbili. Mmoja ungekwenda kwa mdogo wake Tanga, na mwingine angeniachia mimi.

"Utachagua wewe kwanza," alisema. "Lakini chagua vizuri, nahodha. Huku hakuna duka la kwenda kubadilisha."

Hilo nililijua. Kuanzia Kyela mjini hadi Matema, mwenye mbao za namna ile alikuwa yeye tu. Alizoea kuzichezea baharini kwao, na alipopangiwa kazi huku akazileta juu ya pikapu. Watu walimwuliza kama ni milango ya friji. Nikichagua vibaya, yeye akishaondoka, ningebaki na kitu cha kutundika ukutani na mchezo wangu ungeishia hapo.

Mimi kazi yangu ni kuvusha vyungu. Wanawake wa Ikombe wanavifinyanga kwa mikono, na kwa kuwa kule watu hufika kwa mtumbwi, mimi navichukua na kuvileta sokoni Matema. Nilianza nilipoacha shule, kidato cha pili, baada ya mama kumfuata baba kaburini na kuniachia wadogo watatu. Sasa wadogo wamekua na kila mmoja ana kwake. Mimi nimebaki na mtumbwi, na tangu daktari anifundishe, nilikuwa na ile saa moja baada ya kushusha mzigo, ninapoingia majini na ubao. Ndiyo saa pekee ambayo sibebi kitu cha mtu.

Mawimbi yetu lazima niyaeleze. Miezi ya baridi upepo wa kusini husukuma maji ya ziwa lote mpaka kwetu, mawimbi yakasimama marefu na kuanguka kwa kishindo, na mitumbwi ikalala nchi kavu. Lakini sehemu kubwa ya mwaka yanakuja madogo, ya magotini, yamechoka kama watu waliotembea kutoka mbali. Yanafika, yanajikunja kidogo, yanaisha.

Jumamosi ya mwisho kabla daktari hajaondoka, alizilaza mbao zote mbili mchangani. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi na ziwa lilikuwa limetulia. Ubao wa kwanza ulikuwa mweupe, mwembamba, pua imeinuka na mkia umechongoka. Wa pili ulikuwa wa njano, mfupi zaidi ya ule, mpana, mnene, pua butu, tumbo bapa kama sinia, na ubavuni una kiraka. Sikufikiri mara mbili. Niliuinua mweupe.

"Umeupendea nini?" daktari akauliza.

"Pua. Umechongwa kama mtumbwi mzuri. Huu utapanda wimbi."

"Utapanda ukiwa tayari unakwenda. Sasa nani atakupeleka?" Akachuchumaa akapiga tumbo la ule wa njano kwa kiganja. "Wimbi dogo halina nguvu ya kukupa. Linataka ubao unaoelea juu nawe, uanze kuteleza mapema, lenyewe likiwa bado halijajikunja. Unene na upana ndivyo vinavyokuinua. Huu ubapa ndio unaoteleza. Pua ikiinuka sana, inasukuma maji mbele kama koleo na kukupunguzia mwendo. Huo mweupe ni wa mawimbi yenye hasira."

"Yatakuja. Nafikiria miezi ya baridi."

Alinitazama, akacheka. "Haya. Upeleke majini tuone."

Nilijilaza juu yake na maji yakanifika kwapani. Wimbi likaja, nikapiga maji kwa mikono, likapita chini yangu bila hata kunisukuma. La pili vivyo hivyo. La tatu liliinua mkia, pua ikazama, nikaenda kunywa ziwa.

"Unaliachia!" daktari alipaza sauti kutoka ufukweni. "Likifika, unaliachia!"

Alisema kweli, na sababu yake naijua. Ukija Matema na shehena ya vyungu, wimbi likikufuata nyuma hukimbii nalo. Unazuia kwa kafi, linapita chini ya mtumbwi, kisha unasogea kabla la pili halijafika. Likikushika na kukukimbiza, mtumbwi unageuka ubavu, vyungu vinagongana, na kule Ikombe kuna mama aliyekaa siku nyingi na udongo ule. Nimefanya hivyo tangu nikiwa kijana, mpaka mikono yangu inazuia yenyewe. Ule ubao mrefu wa daktari ulikuwa unanisitiri: hata nikichelewa, ukubwa wake ulinibeba. Huu mweupe haukunisitiri hata kidogo.

Niliporudi kwenye maji ya kina kifupi nikamkuta mdogo wangu wa kike amesimama kando ya daktari, mkungu wa ndizi kichwani. Ameolewa Ngana, na siku za soko hupita kuniona.

"Kaka, unaoga au unazama?"

"Najaribu ubao."

"Mbona naona ubao ndio unakujaribu wewe?" Akamgeukia daktari. "Upi ndio wa maji kama haya?"

"Huu wa njano."

"Na huo aliokumbatia?"

"Wa mawimbi makubwa. Anasubiri miezi ya baridi."

Mdogo wangu alicheka mpaka akautua mkungu chini. "Daktari, huyu bado hujamjua. Mimi niko darasa la tano, akaninunulia viatu vya shule. Naingiza mguu, kidole hakioni mwisho. Ananiambia, utakua. Nikavivaa vimejazwa matambara huko mbele. Wallahi, kama mnavyosema nyie watu wa pwani, vilitoboka soli kabla mguu wangu haujafika huko!"

"Vilikuwa viatu vizuri," nikasema.

"Vizuri, gwe kaka, nani kakataa? Vya mtu mwingine tu!"

Daktari alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko. Nami nilicheka, nikiwa nimesimama majini na ule ubao kwapani. Sikuona aibu. Katika nyumba ile kila kitu kilinunuliwa kikubwa: sweta, sare, hata vitanda, kwa sababu mtoto anaongezeka kila siku na hakuna aliyejua kingine kitanunuliwa lini. Kwa wadogo zangu ilikuwa sahihi. Lakini sasa aliyekuwa anapimiwa ni mimi, na mimi nilikwisha kukua. Hata miezi ya baridi, mawimbi yakisimama, mimi huwa nimekaa nchi kavu nikiziba nyufa za mtumbwi. Sijawahi kuyaingia. Nilikuwa namchagulia ubao mtu ambaye sijui kama atakuja kuwapo.

"Lete huo wa njano," nikasema.

Nilipojilaza juu yake ulinishangaza. Kifua kilibaki kikavu. Ulitulia chini yangu bila kuyumba, mfupi kiasi kwamba miguu yangu ilining'inia nje, na nilipopiga maji mara moja ulisogea kama kitu kilichopakwa mafuta. Wimbi likaja, dogo kuliko yale niliyoyakosa. Nikahisi mikono inaanza kuzuia, kazi yake ya miaka yote. Nikailazimisha kuvuta. Mkia ukainuka kidogo, na kabla sijajua, ubao ulikuwa unakwenda na maji, yakipiga kelele ndogo chini ya tumbo lake. Nikasimama. Nilisimama vibaya, miguu karibukaribu, nikaanguka upande mara moja.

La pili nikawahi kupiga goti. La tatu nikasimama, nimekunja magoti, na lile wimbi lisilo na nguvu likanileta taratibu hadi maji yakawa ya kifundoni, mbele yao wawili.

"Heee!" mdogo wangu akapiga makofi. "Mzee mzima!"

"Huu," nikamwambia daktari.

"Una uhakika? Mawimbi makubwa yakifika usinipigie simu kunilaumu."

"Yakifika nitayatazama."

Akatikisa kichwa, akauokota mweupe na kuufunga ndani ya shuka lake kwa safari. "Ndaga," akanijibu kwa Kinyakyusa, ingawa wa kushukuru nilikuwa mimi.

Mdogo wangu aliuinua tena mkungu. "Haya kaka, toka tukapeleke ndizi, nataka kuwahi gari la kurudi."

Nikageuka nikatazama ziwa. Kulikuwa na mstari mwembamba unakuja, usiotisha mtu.

"Ziweke kivulini," nikasema. "Nisubiri kidogo."

Alinitazama kama sikusema Kiswahili. Kisha akautua mkungu, akaketi mchangani, na mimi nikaingia majini na ubao wangu.