Aliyenitoa Bwenini

Mwaka jana mwenzetu mmoja, mfugaji wa kuku hapa karibu na Nakuru, alitufungulia grupu ya simu sisi tuliomaliza kidato cha nne pamoja. Akaomba kila mtu aeleze maisha yamemfikisha wapi. Nilifurahi. Mmoja alikuwa nesi Qatar. Mwingine alikuwa ameoa, wakaachana, akaoa tena mwanamke yuleyule. Aliyekuwa akisinzia kila somo la hesabu sasa anafanya kazi benki. Nami nikaandika kwamba nina duka la vipuri vya pikipiki mjini, watoto wawili, na kifua kisichopenda baridi.

Kesho yake kiranja wetu wa zamani, ambaye sasa anatafuta udiwani, akatuma ujumbe wa sauti. Alisimulia jinsi bweni letu lilivyoshika moto tukiwa kidato cha tatu, jinsi alivyoingia ndani walimu wakiogopa, akamkuta mgonjwa kitandani na kumbeba mgongoni. Alisema Mungu alikuwa ameanza kumfunza uongozi.

Mgonjwa huyo nilikuwa mimi. Ilikuwa mchana, wenzangu wako uwanjani, nami nimejifunika kwa homa. Nilipoamka, moshi ulikuwa umeshuka mpaka kwenye blanketi. Aliyenitoa ni jirani yangu wa kitanda, mtoto wa mkulima wa Molo, mvulana mkimya ambaye hakuna mwalimu aliyejua jina lake. Wala hakunibeba. Aliniburuta kwa shati huku akiniambia nifunge mdomo, na tulipofika kwenye mlango uliokuwa umejifunga nyuma yake akalishika komeo la chuma kwa mkono mtupu na kulivuta. Vidole vyake viwili havijanyooka tangu siku hiyo. Kiranja tulimkuta nje kwenye nyasi, amesimama na wengine, anatazama.

Grupu ilijaa pongezi. Nilimpigia rafiki yangu huyo wa Molo, maana simu yake ni ya kubonyeza na hayumo humo, nikamweleza yote. Alicheka kidogo. Akasema yuko shambani anapiga viazi dawa, nimwache mtu aongee. Mimi sikuweza kumwacha.

Baadaye tukaitwa kukutana kwa chakula cha mchana kwenye hoteli moja mjini, kiranja akiwa ndiye mwenye kugharamia. Nilimbembeleza rafiki yangu ashuke. Nilimwambia ni nyama choma na kuonana tu. Lililokuwa moyoni mwangu sikumwambia.

Kiranja alishika maikrofoni, akasimulia tena, safari hii akiwa ameongeza mtoto wa mpishi aliyelia dirishani. Kisha akaninyooshea kidole.

"Shahidi wangu yuko hapa. Ndugu yangu, hebu simama watu wakuone."

Nilisimama.

"Hukunitoa wewe," nikasema. "Aliyenitoa ni huyu. Wewe ulikuwa nje."

Nikaushika mkono wa rafiki yangu na kuuinua.

Halafu yule mfugaji wa kuku akasema moshi wa siku ile ulikuwa umenipanda kichwani, na kwamba tumekuja kula, si kuleta siasa. Watu wakacheka. Kicheko hicho ndicho kinachonichoma hadi leo, kwa sababu wengi waliocheka walikuwa kwenye zile nyasi na walimwona aliyetoka nami. Kiranja akaja kunikumbatia mbele ya kamera, akasema siku ile tulisaidiana wengi. Wakampigia makofi.

Nilipogeuka, kiti cha rafiki yangu kilikuwa kitupu. Nilimkuta kwenye steji ya magari ya Molo.

"Ungeniuliza kwanza," alisema. "Umenionyesha kwa watu kama ng'ombe wa mnada."

Nilimwambia ameibiwa. Akajibu kwamba hajaibiwa kitu, mkono anao na mimi niko hai. Hapo nikamkasirikia na yeye pia. Nilimwambia upole wake ndio unaowanenepesha watu kama yule. Alipanda gari bila kuniaga, na jioni nilipofungua simu nikakuta nimeondolewa kwenye grupu.

Zilipita wiki kadhaa bila sisi kuzungumza. Kisha siku moja asubuhi akanipigia yeye, akihema kama mtu aliyetoka kukimbia. Kiranja alikuwa amemfuata Molo akiwa na wapambe wawili waliovaa gambuti mpya. Alitaka wasimame pamoja jukwaani, rafiki yangu aseme waliingia motoni wawili, naye kiranja angemtafutia binti wa rafiki yangu kazi. Alikuwa ameyasema hayo mbele ya binti mwenyewe.

"Nimemfukuza," rafiki yangu akasema. Sikuwahi kusikia sauti yake ikiwa juu namna ile. "Sasa sema. Popote unapotaka, sema. Usiniulize tena."

Basi nasema. Nimesema dukani, nimesema nje ya kanisa, nimemwambia hata kiranja mwenyewe alipopita mtaani kwetu kuomba kura, akajifanya hanisikii. Siku hizi wenzangu wachache hunipigia kwa siri kuniambia nilisema kweli, kwamba hata wao waliona. Hao ndio wananiudhi kuliko wote. Nikiwauliza kama watayasema hayo mbele ya watu, ghafla mtandao unakuwa mbaya.