Mlango wa Fundi Kioo

Watu walimwita Fundi Kioo, kwa sababu aluminiamu ikitoka mikononi mwake ungeweza kujinyolea ndevu mbele yake. Mimi, mkewe, nilimwita Baba Watoto, na siku nikikasirika, "wewe mwanamume". Mwaka ule wa mwisho nilisema "wewe mwanamume" mara nyingi.

Kazi yake ilikuwa kutoa rangi kwenye makava ya injini za pikipiki. Mtu ananunua pikipiki iliyotumika, anakuta kava lililokuwa liking'aa limepakwa rangi nyeusi na mjinga fulani, analileta kwetu karibu alie. Mume wangu alilipokea kama mtoto mchanga wa watu. Kostiki, ile soda ya kutengenezea sabuni, hakuiruhusu hata ivuke kizingiti: chuma huivumilia, aluminiamu huliwa nayo. Msasa mwiko, brashi ya waya mwiko. Alipaka dawa ya kutoa rangi, akafunika kwa nailoni isikauke, akasubiri rangi ivimbe na kujikunja, kisha akaisukuma kwa kijiti cha mti, taratibu, na kuosha kwa maji mengi.

Alifanyia kazi katika chumba cha nyuma, chenye mlango mmoja na dirisha aliloliziba kwa mbao. Uani kwetu kuna vumbi, na chembe moja ikinasa kwenye kitambaa cha kung'arishia huacha mstari. Basi alijifungia. Dawa ile ina harufu tamu inayopanda kichwani. Nikimpelekea chai niliishia mlangoni, na bado kichwa kiligonga hadi jioni. Kopo lenyewe limeandikwa litumike penye hewa. Nilimsomea maandishi hayo kwa sauti, mara tatu.

"Baba Watoto, fungua mlango."

"Vumbi litaniharibia kava la watu."

"Na mapafu yako je?"

Akacheka. "Mapafu hayana mteja, mama. Kava lina mteja, anakuja kesho."

Alikuwa na glavu hadi viwikoni na kitambaa puani, akaona amejikinga. Kitambaa kinazuia vumbi, mvuke unapita zake. Mganga hajigangi, na mimi hadi leo nina hasira naye.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, mchana, upepo unavuma. Kava lilikuwa la mwalimu mmoja, lina rangi tabaka tatu, akamimina dawa nyingi kuliko kawaida. Nilikuwa nafua nje ya mlango wake. Nilisikia kijiti kikikwangua, kisha nikawa sikisikii. Nikadhani anasubiri rangi ivimbe, maana nusu ya kazi yake ilikuwa kusubiri. Nikasuuza mashuka mawili, nikayakamua, nikayaanika, ndipo nikagonga.

Seremala jirani yetu ndiye aliyevunja komeo. Mume wangu alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye benchi, kijiti bado mkononi. Tulimtoa nje kwenye hewa. Hewa ilikuwa imechelewa.

Jioni ile, nyumba imejaa watu, nilikumbuka dawa haitakiwi kuachwa juu ya aluminiamu. Nikaingia, mlango ukiwa wazi, nikaliosha lile kava kwa ndoo nne za maji. Rangi iliyobaki ikatoka yenyewe. Sijui kwa nini nililiosha. Nililia nikiliosha.

Msibani mama mkwe alisema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Nilitaka kumjibu vibaya, lakini alikuwa mama yake, na alisema kweli.

Wiki moja baadaye mwalimu alikuja. Akatoa pole, akakaa, akatazama viatu vyake, mwisho akauliza kwa aibu habari za kava lake. Nikamletea. Akasimama nalo juani, akaligeuza huku na huku, akalipapasa kwa kidole kama wafanyavyo wote.

"Halina hata mkwaruzo mmoja," akasema.

"Halina," nikamjibu. "Alifunga mlango."