Mukimo Uliochacha Siku ya Ruracio

Nilipofunua ndoo ya kwanza, harufu ilinijulisha kabla sijaonja. Mukimo, viazi vilivyopondwa na mboga, ulikuwa umechacha. Nikafunua ya pili na ya tatu, zote sita, huku nikijilaani. Jana yake, nyumbani Ruring'u, niliuponda nikaufunika ungali moto ili niwahi gari. Kila mama wa huku anajua mukimo haufunikwi kabla haujapoa. Mimi nilikuwa hata nikiwafundisha wengine!

Tulikuwa Naro Moru, kwenye ruracio, siku ya wakwe kuleta mahari. Ndiyo ilikuwa kazi yangu kubwa ya kwanza ya upishi tangu niache kibanda cha chai. Wageni wangefika saa sita. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Mimi ni mtu wa kiburi, sifichi. Nilikuwa nikijigamba kwamba hakuna mteja aliyewahi kuniona nimeshindwa. Basi nikaanza kukata vitunguu, nivikaange vingi niue ile harufu. Nilikuwa kwenye kitunguu cha nne nilipomwona bibi harusi akipita na rola za nywele kichwani, akanipungia mkono. Nikaweka kisu chini. Niliogopa kweli.

Nikamwendea mama yake.

"Mama, mukimo yote imechacha. Ni mimi nilifunika ikiwa moto. Siwezi maliza ingine peke yangu."

Shangazi wa bibi harusi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kanisani, akaruka. "Ati nini? Na hao watu wako njiani!"

Nilitamani ardhi inimeze.

"Ungenyamaza, tungejulia kwa sahani," akasema mama wa bibi harusi. Akavua koti lake jipya. "Kujeni na visu! Viazi iko kwa stoo."

Tukamenya, wanawake kumi na wawili, bila mzaha. Moto ulikuwa mkali na bado viazi vilikataa kuiva. Saa sita kamili tukasikia nyimbo langoni. Wakwe wamefika, nami bado sijaanza kuponda.

Kwetu lango la ruracio halifunguliwi hivi hivi. Wageni huimba nje, wenyeji huwajibu kutoka ndani, na hawafungui mpaka waridhike. Shangazi akaniambia niinue mwiko nikimaliza, akajifunga leso akaelekea huko. Aliukataa wimbo wa kwanza. Akaukataa wa pili, akawaambia wanaimba kama watu wasiotaka msichana. Nilikuwa naponda huku jasho likiniingia machoni, nikihesabu nyimbo. Walipoimba wa tisa, nikainua mwiko juu. Akafungua.

Jioni shangazi alinikuta nikiosha sufuria.

"Disemba msichana wangu anaolewa. Utanipikia."

"Hata baada ya leo?"

"Wapishi wengine wote wananiambia hawajawahi haribu," akasema. "Sasa hao wakiharibu, nani ataniambia nisifungue lango?"