Mtani kwenye Chumba cha Unasihi

Niliuza overloki yangu, ile mashine ya kumalizia pindo, nikaenda kusomea unasihi. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, fundi cherehani wa sokoni Tabora, na macho yalikuwa yameanza kukataa kutunga uzi. Dada yangu alinicheka mpaka akakaa chini. "Uende shule kujifunza kusikiliza watu? Wewe? Na mdomo huo?" Lakini wanawake walikuwa wakija kupimwa magauni wanaishia kunililia begani, futikamba ikiwa bado shingoni mwangu, nikaona afadhali hiyo kazi niijue vizuri.

Pesa ya overloki ilitosha ada ya mwaka mmoja, basi. Nilikwenda darasani kwa baiskeli. Vitabu sikununua, nilinakili kwa mkono vya mwenzangu wa dawati la mbele, naye nikamshonea sketi mbili. Mchana wenzangu walikwenda kwa mama ntilie, mimi nilibaki na michembe yangu, viazi vitamu vya kukaushwa, natafuna huku nikijifanya nasoma. Nikifeli, sikuwa na mashine ya pili ya kuuza.

Mwisho wa mwaka kulikuwa na mazoezi kwenye zahanati moja pembeni ya mji. Kila mwanafunzi alipewa mteja mmoja, na msimamizi anakaa kwenye kona na fomu yake. Msimamizi wangu alikuwa mama mpole, mgeni wa Tabora, mkali kwa jambo moja tu: mipaka. Usimtanie mteja. Usijizungumzie. Akinyamaza, mwache anyamaze.

Mteja wangu alikuwa mjane. Mumewe, dereva wa malori ya tumbaku, aliugua ghafla akiwa Sikonge akafariki, wakamzika hapa mjini walipokuwa wamepanga chumba, mbali na kwao. Hayo niliyasoma kwenye fomu. Yeye mwenyewe hakuniambia kitu. Wiki ya kwanza alitazama sakafu. Ya pili vilevile. Nami nikatulia kama nilivyofundishwa, ulimi unaniwasha.

Wiki ya tatu ndiyo ilikuwa ya kupimwa. Kabla hatujaanza simu yake iliita, akapokea: "Mbukwa." Loo! Hiyo ni salamu ya Wagogo, na mimi ni Mnyamwezi. Sisi ni watani nao tangu babu zetu walipokuwa wapagazi, wakikatiza Ugogo na mizigo mabegani kwenda pwani. Nikakaa kimya robo saa nzima. Nilijitahidi, Mungu anajua. Kisha mdomo ukafunguka wenyewe.

"Wewe Mgogo! Babu zangu mliwatoza mpaka maji ya kunywa. Leo umenifuata kwetu, unakalia kiti changu wiki ya tatu, na hata neno moja hunipi?"

Aliinua uso. "Nyamaza, mpagazi we!" akasema, akacheka, kicheko kikubwa cha tumboni. Halafu akaziba mdomo kwa kanga, akainuka, akatoka.

Msimamizi aliweka kalamu chini taratibu. "Mama, umemtukana mfiwa."

"Nimemtania. Ni mtani wangu."

"Utani naujua, hata kwetu upo. Lakini humu ndani wewe si mtani wa mtu. Njoo wiki ijayo nikupe majibu, ila naona utarudia mazoezi."

Kurudia maana yake ada upya. Niliikokota baiskeli mpaka nyumbani. Nililia, na nilijichukia. Ada iliniuma, sikatai, ila kilichoniuma zaidi ni kwamba niliona yule mwanamke nimemfukuza kwa mdomo wangu, kama dada alivyotabiri.

Wiki iliyofuata nilifika mapema kuchukua majibu yangu. Mjane alikuwa kwenye benchi la nje, mfuko mapajani, na msimamizi anamweleza kwa upole kwamba atapewa mnasihi mwingine, mwenye uzoefu.

"Simtaki," mjane akasema. "Kwenye msiba tulikuwa wageni, watu wakatuheshimu mno. Hakuna hata mmoja aliyenitania. Mume wangu amezikwa kimyakimya kama mtu asiye na watu. Namtaka huyu mpagazi."

Msimamizi akatufungulia mlango, akaenda kwenye kona yake. Mwishowe alinipitisha, kwa alama ya chini kabisa, na maneno mengi ya wino mwekundu kuhusu mipaka. Mengi nayakubali.

Siku hiyo, mle ndani, mjane akatoa koti kwenye mfuko. Koti la kiume, la kahawia, limechakaa viwiko. Kwenye misiba yetu mtani huvaa nguo za marehemu akamwigiza, alivyotembea, alivyogomba, mpaka wafiwa wakacheka huku wanalia. "Vaa," akaniambia.

Nikavaa. Mikono ilinifunika vidole. Nikasimama katikati ya chumba, sijui nifanye nini, maana mtu mwenyewe sikupata kumwona hata siku moja.

"Alitembeaje?" nikauliza.

"Siyo hivyo ulivyosimama," akasema. "Yeye bega moja lilishuka, la upande wa dirisha la lori."

Akainuka kunionyesha. Akatembea mpaka ukutani, bega limeshuka, akarudi, na njiani machozi yakaanza. Hakuyafuta. Akaniambia alivyokuwa akipiga honi mara moja tu akifika nyumbani, alivyokuwa akinunia mboga isiyo na pilipili. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akalitaja jina la mumewe.