Tabibu Mgonjwa na Sauti za Ng'ambo

Silvano Shechambo alipoona damu kwenye leso yake, hakushtuka kama mtu aliyekutana na jambo geni. Alishtuka kama askari aliyefungwa kwa pingu zake mwenyewe.

Alikuwa tabibu wa zahanati ya Kwemtindi, milimani juu ya Lushoto, tangu wanakijiji walipoijenga kwa kujitolea miaka michache baada ya Uhuru, wanawake wakipandisha mawe ya mtoni kwa migongo yao. Watu walimwita Daktari. Mbele ya wageni wa wilayani alisahihisha: yeye ni Mganga Msaidizi. Wageni wakiondoka aliacha kusahihisha.

Kila mwenye kikohozi kisichokwisha alikalishwa mbele yake akapewa hotuba ileile. Kifua kikuu si aibu, kinatibika. Lakini usiache sindano eti kwa kuwa umeanza kunenepa, usijifungie ndani na watoto, na jembe liweke kando mpaka uruhusiwe. Hotuba hiyo ilijulikana hata vilabuni, ambako vijana waliiigiza kwa sauti yake, kikohozi cha kusafisha koo kikiwemo.

Mwaka 1970, masika yalipokatika na ukungu wa baridi kuanza kulala mabondeni, kile kikohozi cha kusafisha koo kilikuwa kimeacha kuwa mazoea. Silvano alipanda basi hadi Lushoto mjini. Daktari wa hospitali aliinua picha ya kifua chake kwenye mwanga wa dirisha.

"Unaona mwenyewe?"

"Naona."

"Basi sina la kukufundisha. Sindano kila siku kwa miezi miwili, na vidonge vitaendelea hata baada ya hapo. Unaye wa kukuchoma huko kwenu?"

"Yuko mkunga wangu, Halima."

"Vizuri. Miezi miwili ikiisha uje tupime makohozi. Mpaka yawe safi, usimguse mgonjwa."

"Na nikijisikia nafuu kabla?"

Daktari alishusha ile picha. "Hilo swali wewe huwa unalijibuje?"

Njiani kurudi, Silvano hakuwaza kifo. Aliwaza mambo mawili: kwamba huenda angewaambukiza watu aliowatibu, na kwamba makohozi yakikutwa bado machafu, zahanati ingekaa na Halima peke yake, mwanamke mmoja kwa vijiji vitatu, hadi lini haijulikani.

Jenoveva, mkewe, alimtengea kikombe, sahani na chumba cha nyuma chenye dirisha. Binti yao Esta alipelekwa kwa bibi yake, kijiji cha Bungu. Halima akawa anakuja kila asubuhi na sindano iliyochemshwa, kabla ya kufungua zahanati.

"Hii butu kama jembe la mwaka jana," alilalamika Silvano siku ya kwanza.

"Ndiyo ileile unayowachoma wenzio, Daktari. Walipolia uliwaambia nini?"

"Niliwaambia wasikaze msuli."

"Basi usikaze."

Mpango ulikuwa mzuri. Ulichokisahau ni desturi.

Kule milimani, mtu akiugua huendewa. Haitoshi kutuma salamu. Unaingia alipolala, unakaa, unamshika mkono, unampa pole. Na yapo ya kutisha nyuma ya adabu hiyo: asiyekwenda kumwona mgonjwa, siku mgonjwa akizidiwa, jina lake hutajwa. Watu watauliza mbona fulani hakuonekana, ana nini moyoni? Hivyo mtu aliyewatibu watu wa vijiji vitatu alipougua, watu wa vijiji vitatu walikuwa na kila sababu ya kuja.

Walikuja. Walikuja na mayai, viazi, na kuku waliofungwa miguu. Walijaa chumba cha nyuma wakafunga dirisha ili baridi isimuumize mgonjwa. Halafu, pole zikiisha, mmoja angekunja mkono wa shati.

"Daktari, maadamu nimefika, hebu nitazamie hiki kijipu."

Angekataaje? Mtu ametembea mlima mzima na jogoo kwapani. Silvano aliinuka kitandani akatazama jipu. Kesho yake alitazama macho ya mtu, keshokutwa tumbo. Alijiambia kwamba kutazama si kugusa. Kisha akaanza kugusa. Ukweli ni kwamba alifurahi. Tangu augue, hizo ndizo saa alizojisikia mzima.

Halima ndiye aliyegundua.

"Nilishangaa zahanati imepoa," alisema asubuhi moja, sindano mkononi, akitazama viatu vilivyopangwa mlangoni. "Nikadhani watu wamepona. Kumbe wamehamia hapa."

"Wanakuja kunipa pole tu."

"Pole gani ya kuvua shati?"

Jioni ya siku hiyo homa iliyokuwa imemwacha ilirudi. Usiku akakohoa, na leso ikatoka nyekundu. Jenoveva aliichukua akaenda kuichemsha. Asubuhi alipeleka kigoda mlangoni, akakikalia, akaanza kuchambua maharage pale, kama mtu ambaye hana safari mwaka huu.

Wa kwanza kugota kwenye kigoda hicho alikuwa Athumani Singano, balozi wa nyumba kumi, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mwenye umri wa kutosha kuwa baba yao.

"Shikamoo, baba," alisema Jenoveva, asiinuke.

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa ameamkaje?"

"Ameamka anaumwa kwa sababu ya kuonwa. Hapiti mtu hapa."

"Hata mimi?"

"Hata padri."

Athumani alikaa chini kwenye ngazi. Hakuwa mtu wa kukasirika haraka. "Unalotaka nalielewa. Lakini unawafunga watu katikati. Wakija, wanamuua. Wasipokuja, na Mungu apishe mbali, akazidiwa, utawasikia wakitajana majina. Mimi ndiye nitakayeletewa kesi."

Silvano alikuwa akiwasikia kupitia dirishani. Aliona aibu. Alikuwa na hotuba kwa kila mgonjwa isipokuwa yeye.

"Mwacheni babu yake awaamulie," Athumani akaendelea, sasa akipaza sauti ili dirisha lisikie. "Silvano! Babu yako Shechambo, mganga wa zamani hizo, Wajerumani hawajapanda huku, alipougua alifanya nini?"

Silvano alijua. Kila mtoto wa ukoo alijua. Mzee huyo hakujiganga wala hakuganga mtu akiwa mgonjwa. Alifunga vibuyu vyake vya dawa kwa kamba, akavitundika darini, akavuka bonde kwenda kulala kwa mganga mwenzake ng'ambo, mpaka apone. Watu walisema mganga mgonjwa akiendelea kuganga huwapa watu ugonjwa wake pamoja na dawa. Utotoni Silvano alilihesabu hilo kuwa ushirikina. Chuoni, alipofundishwa vijidudu, hakuwahi kulikumbuka tena. Sasa alijilaza akitazama dari, akaona kwamba mzee alikuwa na sababu zisizo sahihi na jibu sahihi.

"Alivuka bonde," alijibu.

"Basi wewe huna nguvu ya kuvuka. Bonde litavukwa na wengine."

Nyumba za Kwemtindi ziko kwenye migongo miwili ya mlima, kijito kikipita katikati. Tangu zamani watu hupeana habari kwa kuitana: ng'ombe aliyepotea, kazi ya pamoja ya msaragambo kesho, msiba. Siku hiyohiyo Athumani na wenzake walitoa benchi la Silvano, wakaliweka ukingoni mwa shamba, penye jua na upepo, likielekea ng'ambo. Kisha Athumani akatangaza, naye sauti alikuwa bado anayo:

"Anayetaka kumjulia hali Daktari asimame ng'ambo ya kijito! Atakayesikika, amefika! Mimi ndiye shahidi wake!"

Kwa hiyo hata yeye Athumani, ambaye kuta za nyumba yake na ya Silvano zinakaribia kugusana, alishuka mteremko, akaruka kijito, akapanda upande wa pili akihema, akageuka.

"Silvanooo! Onga mshi! Umeshindaje?"

"Nimeshinda salama, baba! Shikamoo!"

"Marahaba! Haya, mimi nimekuja, msiseme sikuja!"

Akashuka tena kurudi kwake. Jenoveva alicheka mpaka maharage yakamwagika.

Watu waliizoea njia hiyo kuliko ilivyotarajiwa. Mayai na viazi viliachwa kwenye jiwe kando ya kijito. Na maradhi madogo yaliyokuwa yakiletwa chumbani yalipungua ghafla, kwa kuwa si kila mtu yuko tayari kuyatangaza kwa mlima mzima. Bi Tatu, mjane mwenye ulimi mkali na moyo mwema, alijaribu mara moja tu.

"Mwanangu Silvano! Tumbo langu limefunga siku ya nne!"

Kabla Silvano hajavuta pumzi, sauti ya mwanamume ikatoka kwenye mashamba ya juu: "Kula mboga za majani, bibi!" Nyingine kutoka chini: "Na maji! Kahawa punguza!" Na nyingine, ya kijana asiyejulikana mpaka leo: "Usijifungie ndani na watoto!"

Bonde zima likacheka. Silvano alicheka vilevile, akiinama, mkono kifuani, akisubiri kikohozi. Hakikuja. Alikaa akakisubiri tena, kwa makini ya mtu anayesoma kipimajoto, nacho hakikuja.

Tangu siku hiyo alikuwa mgonjwa mtiifu. Wenye ugonjwa wa kweli walikwenda kwa Halima, aliyewapokea vizuri. Yeye alikaa benchini, akanywa uji na maziwa, akachomwa bila kulalamika, au akilalamika kidogo tu. Vibuyu vyake, yaani mkoba wake wa vifaa vya kazi, Jenoveva aliutundika darini kwa kamba. Silvano mwenyewe ndiye aliyemwomba.

Miezi miwili ilipotimia, alishuka Lushoto akapimwa, akalala mjini akisubiri majibu. Aliporudi, watu walikuwa wamesimama ng'ambo, wengi kuliko siku yoyote. Hakuingia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi.

"Baba Esta!" Jenoveva alimkimbilia. "Wamesemaje?"

Alimwambia kwanza yeye, kwa sauti ndogo. Kisha akageukia bonde, akajaza mapafu yake hewa, jambo ambalo hakuthubutu kulifanya tangu masika.

"Ni safi! Vidonge naendelea navyo! Kazini narudi Jumatatu!"

Vigelegele vilipanda na kushuka. Bi Tatu hakupiga kigelegele. Alikuwa tayari ameshika kanga yake juu ya magoti, anateremka. Aliruka kijito, akapanda mteremko polepole, akafika akihema, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akauangalia.

"Kweli ni safi?"

"Kweli, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi sogea."

Silvano akasogea. Bi Tatu akaketi, akatazama nyuma kuhakikisha Jenoveva na maharage yake wako mbali.

"Lile la tumbo lilikwisha," alinong'ona. "Sasa nikwambie lile lililonileta, lisilofaa kutangaziwa mlima."

Silvano aliinamisha sikio. Ng'ambo, watu walinyamaza wote kwa pamoja wakijaribu kusikia, wasisikie kitu.