Siku Mpinda Ndizi Alipopata Adabu

Wauguzi waliofunzwa na Matroni Nola Trembath baada ya Vita vya Pili vya Dunia walimshangaa. Mgonjwa anayetukana, matroni alimpita huku akitabasamu. Mgonjwa mkorofi akianza ghafla kusema asante, matroni alimkimbilia.

Chanzo ni hiki. Kabla ya vita Nola aliuguza watu katika hospitali ndogo kaskazini mwa Adelaide, Australia Kusini, nchi ya ngano na kondoo. Wengi walikuwa wakata manyoya ya kondoo, watu wa mikono migumu na midomo michafu. Mmoja wao, mzee, aliangukiwa na robota la sufu. Asubuhi nzima aliwaka, akamtukana Nola, chai yake na kwao kote. Kisha akasema kwa upole, "Samahani, Sista, naomba maji, ukipata nafasi." Nola akafurahi kuwa mtu ametulia, akamalizia kwanza kumfunga mwingine bendeji. Aliporudi na glasi, mzee ameshakata roho.

Basi lishikeni hilo, maana tunapanda nalo ndege.

Mwaka wa arobaini na nne Nola alikuwa jeshini, akisafirisha majeruhi kwa ndege kutoka Lae hadi Port Moresby, ng'ambo ya milima ya Guinea Mpya. Ndege yao, aina ya Dakota, haikuchorwa msalaba mwekundu, kwa kuwa safari ya kwenda ilibeba risasi, na mbeba risasi hana haki ya kuomba asitunguliwe. Daktari hakuwemo. Walikuwemo rubani Hanrahan na mwenzake, Koplo Pascoe msaidizi wa Nola, na machela zilizopangwa juu kwa juu kama mikate kwenye rafu.

Siku hiyo kwenye machela ya chini alilala Les Kinnane, mkata manyoya wa Queensland, risasi imempita kifuani upande wa kulia. Ndege haijaacha ardhi, yeye ameshaanza.

"Sista, lafudhi hiyo ya wapi?"

"Australia Kusini."

"Mungu wangu! Jamani, tumekabidhiwa kwa mla kunguru!"

Machela zote zikacheka, kwani hilo ndilo jina la utani la watu wa Australia Kusini, kama mpinda ndizi lilivyo la watu wa Queensland.

"Kelele, mpinda ndizi," Nola akamjibu. "Kwenu mnashinda mnazipinda ndizi moja moja, ndiyo maana hamna muda wa kuoga."

"Naoga! Krismasi ya juzi nilioga!"

Nola akaenda zake nyuma kwa wengine, roho nyeupe. Lakini mawingu yalikuwa yameziba upenyo wa milimani, na Hanrahan akalazimika kupanda juu zaidi. Baridi ikaingia. Pascoe akamjia akifurahi.

"Sista, yule Kinnane kastaarabika! Nimempa blanketi, kaniambia asante sana."

"Kasema nini?"

"Asante sana, na samahani kwa usumbufu. Hewa ya juu imemtuliza, eh?"

Nola aliruka miguu ya watu mpaka kwa Les, akapiga magoti. Stetoskopu ilimletea ngurumo za injini tu, na mwanga ulikuwa hafifu, rangi ya midomo haionekani. Akamjaribu kwa njia nyingine.

"Wewe mpinda ndizi! Mnazipinda kwa mkono au kwa goti?"

"Vyovyote... upendavyo, Sista."

Vidole vya Nola vikalitafuta koromeo la Les. Lilikuwa limesukumwa kushoto. Hewa ilikuwa ikivuja kifuani isitoke, na kadiri ndege ilivyopanda ndivyo ilivyotanuka, ikilibana pafu na moyo.

Akakimbilia mbele. "Hanrahan, shuka!"

"Nishuke wapi, Sista? Chini ni mawe! Nipe robo saa."

"Hana robo saa."

"Basi fanya lako, nami nifanye langu."

Lake lilikuwa sindano ya kuitoa hewa ile. Kutoboa kifua ni kazi ya daktari. Yeye aliona ikifanywa mafunzoni, hakuwahi kuishika mwenyewe. Akikosea, atatoboa pafu zima mbele ya macho ya rafiki za Les.

"Pascoe, mshike mabega."

Ndege ikadunda. Nola akasubiri itulie. Haikutulia. Akaupapasa ubavu, akaisukuma sindano kifuani, juu tu ya mfupa. Kwa ngurumo ile hakusikia kitu. Akainama, akaweka shavu karibu na sindano, na upepo wa vuguvugu ukampiga shavuni.

Les akavuta pumzi ndefu. Lakini hakusema neno, na Nola alibaki pale magotini, ameishika sindano, mpaka magurudumu yalipogusa Moresby.

"Sista," Les akanong'ona. "Naomba..."

Moyo ukamlipuka Nola. "Sema."

"Kunguru. Mnawachemsha, au mnawachoma?"

"Tunawala wabichi. Funga mdomo."

Alishuka, akakaa chini ya bawa. Vijana walikuwa wameshaanza kupakia masanduku ya risasi. Hanrahan akamjia.

"Mtu wako vipi?"

"Hana adabu hata chembe," Nola akasema. Akajifuta uso, akaenda kutandika machela kwa safari ya pili.