Spéciose na Nyumba Iliyoota Ndevu

Siku ya kwanza nilipomwona Spéciose alikuwa amesimama nje ya nyumba ya jirani yetu Annah, ameegemeza shavu lake ukutani na kufumba macho. Nilidhani analia. Nilikuwa nimepeleka sare ya shule niliyomshonea mtoto wa Annah, nikabaki nimeishika, sijui nipite au nirudi. Mimi si mtu wa kuongea na watu nisiowajua, hasa wanawake, na huyu nilimwona kama analia kwenye ukuta wa watu.

"Usiogope," Annah akaniambia kutoka mlangoni. "Anapima unyevu."

Sikuelewa. Yule mwanamke alishusha shavu chini kidogo, akapiga magoti, akaligandamiza tena. Alipomaliza akainuka, akaja moja kwa moja kwangu, akashika mkono wa koti langu na kuunusa.

"Hii koti inalala wapi?"

"Kabatini."

"Na kabati iko wapi?"

"Chumbani. Imeegemea ukuta wa nyuma."

"Nyumba yako imeota ndevu," akasema, kisha akamgeukia Annah wakaendelea na mazungumzo yao, kana kwamba alikuwa amenijulia hali tu.

Nilifika nyumbani ndipo nikaona bado nimeishika ile sare.

Alichosema kilikuwa kweli. Ilikuwa masika ya 1992, na ukuta wa nyuma wa nyumba yetu pale Kimisagara, Kigali, ulikuwa na kuvu kutoka sakafuni hadi usawa wa kitanda. Mahali pengine ilikuwa nyeusi, pengine ya kijani, na nyuma ya kabati ilikuwa na manyoya meupe ambayo ukiyapulizia yanacheza. Nguo za wateja wangu nilikuwa nazianika kila asubuhi kabla ya kuwapa, maana zilinuka kama viazi vilivyosahaulika.

Lakini nguo hazikuwa shida yangu. Shida ilikuwa Kirezi, binti yetu wa miaka sita. Kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi. Muuguzi wa zahanati alimsikiliza, akauliza analala wapi, akatuambia tumtoe katika chumba kile. Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba viwili, na ukuta ni huohuo mmoja. Basi tulimpeleka Kabuga kwa dada yangu mkubwa, Winifred, ambaye hana mtoto. Winifred alimpokea kwa furaha, nikaiona furaha hiyo ikanitia hofu. Aliniambia wazi: shule zinafunguliwa Septemba, nyumba yako ikiwa bado mbovu, nitamwandikisha huku. Nilijua akishaanza shule kule atakuwa mtoto wa Kabuga, na sisi tutakuwa wageni wake wa Jumapili.

Kitu kimoja kilinichanganya kuliko vyote. Miaka miwili nyuma nyumba hiyo ilikuwa ya udongo mtupu, matofali yasiyochomwa, imehomwa, yaani imekandikwa, kwa udongo na samadi kama nyumba ya kijijini, na hakuna aliyekohoa. Kisha tukaitengeneza. Bertrand, kaka wa mke wangu Claudette, ni fundi mwashi. Aliipaka saruji ndani na nje kwa mikono yake, akailainisha mpaka watu wakawa wanasimama njiani kuitazama. Sasa nyumba inawezaje kuugua baada ya kufanywa nzuri? Nilimuuliza Bertrand. Alileta maji ya javeli ya kuua kuvu, akasugua, akapaka rangi. Rangi haijamaliza mwezi, zile ndevu zikatoka juu ya rangi.

Claudette ndiye aliyekwenda kumwita Spéciose. Mimi nisingeweza.

Spéciose alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono iliyopasukapasuka kwa chokaa, na hakuwahi kukaa ndani ya nyumba ya mteja. Ukimletea kiti, anakitoa nje. Maisha yake aliyasimulia vipande vipande akiwa nje hivyo, bila kuulizwa. Alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ndiyo maana Kiswahili kilimtoka haraka kuliko Kinyarwanda. Alimfuata mume, dereva wa lori, na mume akamfia huku. Mama mkwe ndiye aliyemfundisha kuhoma kuta, kazi ambayo kwetu ni ya wanawake. Alikuwa anakwenda kuhoma jiko la mtu au kibanda cha uani, akiwa pale anaambiwa, mama, hebu tazama na chumba hiki kinanuka. Akawa anatazama. Nyumba moja baada ya nyingine, mpaka watu wakamjua kwa kazi hiyo tu.

Kwetu alianza kwa nyuma. Udongo wa mlima ulikuwa umeshuka na kujaa kwenye ukuta kufikia magoti. "Nyumba imevaa blanketi lililolowa," akasema. Tuliuondoa udongo wote, tukachimba mtaro wa kupeleka maji ya mvua mbali. Tukangoja. Akarudi, akaweka shavu lake.

"Bado," akasema. "Nilidhani ni maji ya mlima peke yake. Nimekosea."

Sikuwahi kumsikia fundi akisema hivyo. Badala ya kunituliza, kulinitia wasiwasi zaidi. Kama yeye hajui, nani anajua?

Aligonga ukuta kwa kidole, mahali hapa na pale, akisikiliza. Kisha akamwambia Claudette, si mimi: "Hii saruji itoke. Ndani na nje, kutoka chini mpaka hapa," akajigusa kiuno. "Tofali la udongo linakunywa maji halafu linayatoa kwa hewa. Nyinyi mmelifunga mdomo."

Jumapili hiyo Bertrand alikuja kula, Claudette akamweleza. Alicheka kwanza.

"Shemeji, unasikia? Watu wote wa Kigali wanatafuta saruji, wewe unataka kuitoa. Ukimaliza utatoa na mabati uweke nyasi?"

"Sijui," nikasema.

"Hujui nini?"

"Sijui kama ni saruji."

"Basi mwambie huyo mama, 'Sijui.' Hujui, unatoa?"

"Kirezi yuko Kabuga," Claudette akasema.

"Najua Kirezi yuko Kabuga. Mimi ndiye nilimweka hapa ukutani akiwa na miaka minne nikamwambia, tazama nyumba mjomba amekujengea." Hakucheka tena. Alikula chakula chake hadi mwisho, akanawa mikono, akaondoka.

Mimi nilikaa siku kadhaa nikiwaza. Muuguzi alisema mtoto atoke chumbani. Bertrand alisema dawa ni saruji nyingine juu ya ile, nzito zaidi. Spéciose alisema itoke. Kila mmoja nilipomsikiliza niliona ana haki, na nikimsikiliza mwingine naona huyo ndiye mwenye haki. Mke wangu alikuwa ananitazama tu jioni nikikanyaga cherehani. Hatimaye aliweka tindo na nyundo juu ya meza yangu ya kushonea, palepale juu ya suruali ya mtu, akaenda zake jikoni.

Spéciose alikuja asubuhi, tukaanza. Nilipiga vibaya. Vipande vilikuwa vinaruka na tofali linaumia. Sikusikia Bertrand akiingia uani. Niliona tu mkono unaninyang'anya nyundo.

"Lete hapa. Unapiga kama mtu anayebisha hodi."

Akapiga yeye. Aliingiza tindo kwa ulalo chini ya saruji, akagonga taratibu, na saruji ikatoka vibao vikubwa, vizima. Hakumsemesha Spéciose, naye hakumsemesha. Nyuma ya kile kibao cha kwanza tofali lilikuwa jeusi kwa maji. Bertrand alilisukuma kwa kidole gumba, kidole kikaingia kama kwenye mkate. Akakitoa, akakitazama, akakifuta kwenye suruali yake, akaendelea kugonga. Alifanya kazi hiyo mpaka saa za jioni, na siku ya pili pia.

Kiangazi chote nyumba ilikaa hivyo, saruji juu, udongo mtupu chini. Wapita njia hawakuniacha.

"Fundi, hata nyumba umeikunjia suruali?"

"Inavuka mto," mwingine anajibu kwa niaba yangu.

Mimi nikawa nashona nimeinamisha kichwa.

Ukuta ulianza kubadilika rangi kutoka juu kushuka. Lakini Spéciose hakuridhika. Alisema ukuta umepata mdomo ila nyumba haina pua. Mvuke wa watu wanaolala, wa chungu, wa nguo, unakwenda wapi? Fungueni madirisha usiku. Hapo Claudette alikataa katakata. Mwaka ule watu walikuwa wanarusha guruneti. Sokoni, kwenye baa, kwenye nyumba za watu wamelala, na asubuhi huambiwi ni nani wala kwa nini. Mtaa mzima tulikuwa tunapigilia madirisha ya mbao kabla giza halijaingia. Hata tundu dogo chini ya paa Claudette alikuwa ameliziba kwa matambara niliyobakiza kwenye kushona.

"Afadhali akohoe akiwa hai," akasema.

Spéciose hakubishana. Siku iliyofuata alikuja na matofali yaliyochomwa ndani ya gunia, pamoja na Bertrand aliyelibeba. Sijui walikutana wapi wala walipatana lini. Wakatoboa ukuta juu, karibu na paa, wakapanga matofali kwa kulaza upande, hewa ipite katikati lakini kwa kona.

"Haya, jaribu," Spéciose akamwambia mke wangu.

"Nijaribu nini?"

"Rusha."

Alikuwa amekuja na makokwa ya parachichi kwenye kikapu, badala ya guruneti. Claudette aliyatazama. Akachukua moja, akarudi nyuma mpaka njiani, akarusha. Kokwa liligonga tofali likaanguka. Akarusha la pili, likaanguka. Bertrand akasema, "Dada, unarusha kama unalisha kuku," akachukua la kwake, akavuta mkono na kulirusha kwa nguvu. Tulisikia likidunda ndani, juu ya sakafu ya chumba, likabingirika hadi chini ya kitanda cha Kirezi.

Mimi ndiye niliyeingia kuliokota. Nilipotoka Spéciose alikuwa tayari amepanda kwenye stuli, anabomoa alichojenga.

Walipanga upya, safari hii safu mbili, ya ndani ikiziba nafasi za ya nje. Ukiweka kiganja unasikia upepo, lakini jicho halioni ng'ambo. Kisha wakarusha tena, Bertrand, Annah, hata mpita njia mmoja aliyeuliza tunacheza mchezo gani. Hakuna lililoingia. Claudette alirusha peke yake baada ya wote kuchoka, anaokota, anarudi njiani, anarusha, jasho linamtoka. Kokwa lilipopasuka vipande mkononi mwake ndipo aliposimama.

"Mwambieni Winifred amlete," akasema.

Spéciose alihoma sehemu ya chini kwa udongo, mchanga na samadi, akamalizia kwa chokaa nyembamba. Kirezi alirudi siku chache kabla ya shule kufunguliwa. Winifred alimleta mwenyewe, akauchunguza ukuta kwa vidole kama anayenunua kitambaa, akasema: "Akikohoa namrudisha." Kisha nikiwa namsindikiza kituoni, akaniambia jambo ambalo bado silielewi. Alisema Kirezi alikuwa amekohoa Kabuga pia, mwezi wa saba, wakati wa vumbi. Usiku baada ya usiku. Hakutaka kutuambia kwa sababu alitaka abaki naye.

Kirezi alipolala kwetu alikohoa siku mbili za kwanza, nikawa nasikia kila kikohozi mgongoni mwangu. Siku ya tatu akanyamaza. Mvua za vuli zikaja, nzito. Kwenye pembe ya chumba, chini kabisa, doa la kijivu likarudi, ukubwa wa kiganja. Nilikaa nikilisubiri litembee mpaka kwenye kifua cha mtoto. Halikutembea, naye hakukohoa. Winifred alikuja mara mbili kumsikiliza na mara mbili alirudi Kabuga peke yake.

Sasa ilikuwa nini? Kabuga hakukuwa na kuvu, akakohoa. Kwetu kuvu imerudi, kidogo lakini imerudi, naye hakohoi. Nilijaribu kumweleza Claudette, akasema nisitafute mchawi. Nilikuwa nalifikiri jambo hilo hata nikipima kiuno cha mteja, mpaka napima upya.

Spéciose alipita kwetu mwishoni mwa mwaka, akielekea kupanda basi la Bujumbura kumtazama mama yake. Watu wamenisimulia mengi juu yake tangu hapo. Mmoja alimwona Bujumbura akiuza chokaa, mwingine anaapa alirudi Kigali akaolewa mtaa wa Gisozi, mwingine ananiambia habari ambayo sitaki kuiandika. Hazilingani, na mimi sijui ipi niishike.

Siku ile hakuingia ndani. Aliweka mzigo wake chini, akaweka shavu kwenye ukuta wa nje, akaniambia lile doa la pembeni nilipake chokaa mvua ikiisha na kabati likae mbali na ukuta. Mimi niliyeshindwa hata kwenda kumwita nilijikuta namshika kanga yake asiondoke. Nikamweleza yote, Kabuga, vumbi, doa, kikohozi kilichokwisha bila kuaga. Nikamuuliza, je, ilikuwa ukuta au haikuwa ukuta?

Aliusogelea mlango, akachungulia. Kirezi alikuwa anakula maharage, anaimba na chakula mdomoni. Spéciose akajitwika mzigo wake.

"Baba Kirezi, mtoto yuko ndani anakula. Unataka nini tena, nikamuulize ukuta?"